Jenereta ya nyumbani: pa kuiweka, namna ya kuiunga, kuiwasha na kuitunza

Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa kiza kwa takriban miezi mitatu. Waya wa umeme unaopita chini ya bahari kutoka Bara ulipata hitilafu upande wa Fumba, na kisiwa kizima kikabaki kutegemea mashine za petroli na dizeli. Wakati huo nilikuwa kijana najifunza ufundi wa injini ndogo. Kila duka, kila kinyozi, kila nyumba yenye uwezo ilitafuta jenereta, na wengi walikuwa hawajawahi kuigusa maisha yao.

Usiku mmoja wa Januari tuliitwa Kikwajuni. Tuliambiwa mashine inazimikazimika. Tulipofika, bibi mwenye nyumba alikuwa amekaa mkekani, kichwa amekifunga kitambaa.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba wanangu. Itazameni haraka hiyo mashine, mie nimeshikwa na homa, na wajukuu wawili wanatapika tangu magharibi.”

Mwalimu wangu hakuigusa mashine. Alimwekea mtoto mmoja kiganja kwenye paji la uso, akakiondoa, akakiweka kwa wa pili. Hakuna aliyekuwa na joto. Hapo hapo akatuamuru tuwabebe watoto mpaka barabarani, akamshika bibi mkono akamtoa nje, ndipo akaenda kuzima. Jenereta ilikuwa kwenye ua mdogo nyuma ya nyumba, chini ya dirisha la chumba cha watoto, na upepo wa kaskazi ulikuwa ukiusukuma moshi wote ndani. Walipelekwa hospitali usiku ule ule na wakapona.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza anunue jenereta ya ukubwa gani, mimi humuuliza kwanza ataiweka wapi. Kama hana jibu, sioni haja ya kuendelea na ukubwa.

Moshi unaoua

Injini ya petroli hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ile harufu unayoisikia kwenye moshi ni ya vitu vingine, kwa hiyo kutosikia harufu si ushahidi kwamba hewa ni safi. Gesi hii ikifika kwenye damu huzishika chembe nyekundu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Damu inaendelea kuzunguka, lakini haibebi tena kile mwili unachokihitaji. Aliyelala hufa usingizini bila kushtuka.

Dalili zake zinafanana na malaria, na hapo ndipo watu wetu wanapopotea: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, miguu kulegea, akili kuchanganyika. Mtu anameza panadoli, anajifunika shuka, anarudi kulala katika hewa ile ile. Tazama mambo matatu. Kwanza, mwili hauna joto la homa. Pili, wanaumwa watu wawili watatu wa nyumba moja kwa wakati mmoja. Tatu, anayetoka nje anapata nafuu, na akirudi ndani hali inarudi.

Ukishuku, usianze kutafuta sababu. Toa watu wote nje kwenye hewa, kisha zima mashine, kisha nenda hospitali hata kama mgonjwa anasema amepata nafuu. Ukifika, mwambie daktari kwa maneno haya haya: “Tulikuwa na jenereta inawaka karibu na nyumba.” Neno hilo lina uzito, maana kile kipimo kidogo cha oksijeni kinachobanwa kwenye kidole hudanganywa na gesi hii, kikaonyesha namba nzuri wakati mtu yuko hatarini. Dawa yake ni oksijeni, na kadiri inavyotolewa mapema ndivyo bora. Mjamzito, mtoto mchanga na mgonjwa wa moyo huumia upesi kuliko wengine.

Kuna vifaa vidogo vya betri vinavyolia vikinusa gesi hii. Ukimudu kupata kimoja, kiweke chumba wanacholala watu. Lakini hata ukiwa nacho, umbali wa mashine haupungui.

Pa kuiweka

Iweke nje, mahali pa wazi, mita 6 au zaidi kutoka kwenye mlango, dirisha na tundu lolote la hewa. Pima na upande wa jirani, kwa sababu mita 6 kutoka kwako zinaweza kuwa mita 2 kutoka kwenye kitanda cha mtoto wake. Kama huna futi ya kupimia, hesabu hatua nane ndefu za mtu mzima. Mdomo wa ekzosi uelekee kusiko na nyumba.

Barazani hapafai. Koridoni, stoo, chini ya ngazi, jikoni, gereji, nyuma ya fremu ya duka, kote huko hapafai, hata milango na madirisha yakiwa wazi yote. Kufungua dirisha hakutoshi kuiondoa gesi hii, na feni husaidia tu kuisambaza. Wakaazi wa Mji Mkongwe nawaomba wawe waangalifu zaidi. Ule ua wa ndani, unaozungukwa na vyumba ghorofa mbili tatu, unaonekana uko wazi kwa sababu unaona mbingu ukiinua macho. Kwa moshi ule ua ni kisima: unajaa, unaingia kila chumba kinachoufungukia.

Zingatia upepo. Kaskazi ikivuma, kuanzia Disemba hadi Machi, pembe iliyokuwa salama wakati wa kusi, upepo utokao kusini, inaweza kugeuka kuwa ndiyo inayokuletea moshi ndani. Mimi huwashauri wateja wachague pembe mbili za kiwanja, moja ya kila msimu, na waya ufike kote kuwili.

Watu wanajua kwamba moshi ni mbaya. Wanaisogeza jenereta karibu kwa sababu ya wizi, mvua na waya mfupi. Kwa hiyo kuwaambia “weka mbali” bila kutatua hayo ni kupoteza muda.

Wizi: zika kipande cha nondo au chuma cha pembe kwenye zege, kichwa chake kikiwa kimepindwa kama pete, upitishe mnyororo mnene kwenye fremu ya mashine na kwenye pete hiyo, kisha kufuli. Anayetaka zaidi amwite mchomeleaji amtengenezee kizimba cha nondo, kilicho wazi pande zote ili hewa ipite. Usijenge kibanda cha matofali chenye mlango wa chuma. Injini hupozwa na hewa, na ndani ya kibanda kilichofungwa itavuta joto lake yenyewe mpaka iungue.

Mvua: nguzo nne na bati juu, pande zote wazi, bati likipita mashine kwa nusu mita kila upande. Umeme na maji havipatani, na nimeona soketi za jenereta zikitoa cheche kwa manyunyu tu. Usiiweke chini ya makuti hata siku moja. Ekzosi huwa ya moto kiasi cha kuwasha kuti kavu, na kuti moja likishika moto paa zima huondoka. Acha nafasi ya mita moja kila upande wa mashine, na isimame pahala tambarare, pagumu, kwa sababu injini iliyoinama hailainishwi vizuri na oili.

Waya mfupi ndio udhuru ninaousikia sana, eti umeme utapungua njiani. Tufanye hesabu. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, urefu wa mita 20, ukipitisha ampia 10, hupoteza kama volti 3.6. Katika volti 230 hiyo ni chini ya mbili kwa mia, na friji haitaona tofauti. Hata waya wa milimita 1.5 hupoteza kama volti 6 tu kwa umbali na mzigo huo. Kwa hiyo nunua waya mzuri wa mita 20 na jambo hilo liishe. Chagua ule wenye ganda nene la mpira na nyaya tatu ndani, mmoja ukiwa wa ethi, yaani wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Ukiwa umezungushwa kwenye gurudumu lake, ukunjue wote kabla ya kutumia, kwani uliokunjwa hupata moto ukayeyusha ganda. Usiupitishe chini ya mkeka wala kwenye fremu ya mlango unaoubana kila ukifungwa.

Na kama kiwanja chako hakina mita 6? Basi usinunue jenereta. Nunua betri na inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, na kama paa linaruhusu ongeza paneli ya jua. Nasema hivi nikiwa mtu anayekula kwa kutengeneza jenereta. Kwa taa, feni, simu na televisheni, betri inatosha, na unaweza kuiweka chumbani bila moshi.

Ukubwa wa mashine

Kwenye kibati cha jenereta tafuta namba mbili: nguvu ya juu kabisa na nguvu ya kudumu. Muuzaji hutangaza ya juu. Wewe nunua kwa ile ya kudumu, kwa sababu ile ya juu mashine huistahimili kwa muda mfupi tu. Ikiwa imeandikwa kVA, tazama pia cos φ, namba unayozidisha na kVA kupata kilowati halisi. Yenye kVA 2.5 na cos φ 0.8 inakupa kilowati 2.

Kisha jumlisha vitu vyako. Chukua nyumba ya kawaida: friji wati 150, taa tano za LED za wati 9 ambazo ni 45, feni mbili za wati 60 ambazo ni 120, televisheni wati 100, ruta na kuchaji simu wati 40. Jumla ni wati 455. Ukiishia hapo utadhani mashine ndogo ya wati 650 inakutosha. Haikutoshi, kwa sababu mota ya friji inapoanza huvuta mara nne tano ya matumizi yake ya kawaida kwa muda wa sekunde moja hivi. Hesabu friji kama wati 750 wakati wa kuanza, ongeza 305 za vitu vingine, unapata 1,055. Mashine ya kilowati 2 za kudumu inaibeba nyumba hii kwa raha, na ikifanya kazi chini ya nusu ya nguvu yake hudumu sana.

Pampu ya kisima ndiyo huwaumbua watu. Pampu ya nguvu-farasi 1 huvuta kama wati 1,100 ikizunguka, lakini kuianzisha hutaka mara tatu au zaidi. Kwa hiyo mwenye pampu afikirie mashine ya kVA 5. Pasi na birika la umeme havina mota, ila vinakula: pasi wati 1,000 au zaidi, birika wati 2,000. Umeme ukikatika, chemsha chai kwa gesi au mkaa.

Mashine ya kVA 2.5 kwa nusu ya mzigo hula kama lita moja ya petroli kwa saa. Friji iliyofungwa bila kufunguliwafunguliwa hushika ubaridi kwa kama saa nne. Washa kwa muda wa saa mbili, zima kwa muda wa saa tatu, na petroli yako itakufikisha mbali.

Mashine mpya

Jenereta nyingi za mipigo minne, zile zenye pahala pake pa oili mbali na petroli, huja bila oili ndani. Nimepokea zaidi ya moja iliyowashwa ikiwa kavu, na pistoni imeganda kwenye silinda siku ile ile iliyonunuliwa. Kabla ya jambo lolote fungua kifuniko chenye kijiti cha kupimia, mimina oili ya injini ya mipigo minne, kama 10W-30, mpaka ifike alama ya juu. Mashine za kVA 2 hadi 3 huchukua kama lita 0.6, za kVA 5 hadi 6 kama lita 1.1. Nyingi zina kihisio kinachozuia injini kuwaka oili ikipungua. Ni msaada, lakini kikiharibika hakikuambii, kwa hiyo pima kwa mkono.

Vile vijenereta vidogo vya mipigo miwili havina pahala pa oili. Oili yake, iliyoandikwa 2T, huchanganywa na petroli ndani ya dumu kabla ya kumimina. Kipimo cha vingi ni 50 kwa 1, yaani mililita 100 kwa lita 5 za petroli, lakini fuata kitabu cha mashine yako. Oili ikizidi hutoa moshi mzito na kuchafua plagi ya injini, ile inayotoa cheche, na ikipungua inaua injini.

Kuunga umeme

Njia iliyo salama kwa wengi ni kutounga nyumba kabisa. Toa ekstensheni moja nzito kutoka soketi ya jenereta, ingiza ndani, unganisha friji na vitu vichache. Plagi iingie kwenye soketi sawasawa. Tabia ya kuchomeka ncha za waya mtupu na kuzikaza kwa njiti za kiberiti iachwe, kwa sababu mtetemo wa mashine huzilegeza na cheche zinaanza karibu na tangi la petroli.

Anayetaka taa na soketi za nyumba nzima aweke chenji-ova, swichi yenye nafasi tatu: umeme wa shirika, katikati pasipo kitu, na jenereta. Haiwezi kukaa pande mbili kwa wakati mmoja, na hiyo ndiyo faida yake yote. Hukaa baada ya mita ya umeme ya kulipia kabla, TUKUZA au LUKU, na kabla ya bodi ya breka, na ikate waya zote mbili, laini unaoleta umeme na nyutro unaourudisha. Kazi hii si ya jirani anayejuajua. Bara, tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati, Kenya ni EPRA, na huku kwetu Zanzibar waulize ZECO, shirika la umeme, kabla hujakata waya.

Mwambie fundi huyo pia akague ethi. Jenereta ndogo nyingi hutoka kiwandani nyutro ikiwa haijaungwa na bodi ya mashine, na katika hali hiyo breka ya kuvuja umeme iliyomo nyumbani inaweza isiruke hata mtu akinaswa. Anatakiwa kuunga nyutro na ethi upande wa jenereta, na kuipigia ethi rodi yake chini.

Sasa nizungumzie ule waya wenye plagi za kiume pande zote mbili, unaochomekwa jenereta na kisha soketi ya ukutani. Usiutengeneze, usiutumie, na ukiukuta kwa mtu mkatie. Ukichomoka upande mmoja, meno yaliyo nje yana umeme kamili, na mtoto akiyagusa ndiyo basi. Ukisahau kuzima meni swichi, umeme wako hutoka kwenye mita, hupanda nguzoni, hufika kwenye transfoma. Transfoma haijui mbele wala nyuma: ile inayoshusha volti 11,000 kuwa 230 hupandisha 230 kuwa 11,000. Kule juu kuna fundi wa laini ambaye ameshika waya akiamini umezimwa, kwa sababu wenzake wameuzima kweli. Anauawa na jenereta ya nyumba asiyoijua. Na umeme wa shirika ukirudi ghafla, hukutana na wa jenereta, na mashine yako huungua.

Kuwasha

1. Hakikisha mashine ni baridi na imesimama sawa. Pima oili kwa kijiti. Tazama petroli.
2. Zima breka ya jenereta au chomoa vitu vyote. Haianzishwi ikiwa na mzigo.
3. Fungua koki ya mafuta. Ikiwa injini ni baridi, funga choki, kile kifuniko kinachopunguza hewa inayoingia kwenye injini. Ikiwa bado ina joto, iache wazi.
4. Weka swichi kwenye ON.
5. Shika kamba, vuta taratibu mpaka usikie imekaza. Irudishe polepole, kisha vuta kwa nguvu mara moja. Usiiachie ijirudi yenyewe kwa kishindo, itakatika.
6. Ikishawaka fungua choki kidogo kidogo, uiache izunguke dakika tatu hadi tano.
7. Tazama volti. Kati ya 220 na 240 ni sawa. Ikiwa nje ya hapo, zima, usiunge kitu.
8. Washa breka au geuza chenji-ova, kisha unganisha kimoja kimoja ukianza na chenye mota kubwa. Friji kwanza, isikilize itulie, ndipo feni, taa na televisheni.

Mpangilio huo wa mwisho una sababu yake. Mota kubwa ikianza peke yake inapata nguvu yote ya mashine. Ikianza ya mwisho inakuta imeshabebeshwa, volti inaporomoka, na unachokisikia ni injini kunguruma kwa sauti nzito kama mtu anayepanda ngazi na gunia. Sauti hiyo ukiisikia inaendelea, punguza mzigo. Friji iliyozimika ghafla pia ipe dakika tano kabla ya kuirudishia umeme.

Kuna skurubu ya gavana inayoongeza mwendo wa injini, na wapo wanaoikaza volti zikishuka. Usiiguse. Jenereta hizi huzunguka mara 3,000 kwa dakika ili kutoa hezi 50, na ukiongeza mwendo, volti na hezi hupanda pamoja, ndipo vifaa vya ndani vinapoanza kuungua.

Petroli

Usimimine petroli mashine ikiwa inawaka au ingali ya moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka kuelekea ekzosi na silinda, na hauhitaji mwali kuwaka. Zima, subiri dakika 15 au 20, tumia faneli, acha nafasi kidogo juu ya tangi, futa iliyomwagika na usiwashe mpaka pakauke. Usimulike kwa mshumaa wala koroboi. Bora zaidi, jaza tangi mchana kabla ya kiza kuingia, na utalala bila kulazimika kufanya kazi hii gizani.

Weka petroli kwenye dumu lenye kifuniko kinachobana, nje ya nyumba, kivulini, mbali na jiko la mkaa na mtungi wa gesi. Chupa ya maji ya kunywa haifai, mtoto ataiona kama maji. Wakati wa kujaza kituoni, dumu likae chini kwenye sakafu, lisijazwe likiwa juu ya gari au pikipiki. Petroli iliyokaa miezi miwili mitatu huchacha, ikaacha gundi kwenye kabureta. Nunua ya kutumia.

Weka karibu mtungi wa kuzimia moto wa poda, au angalau ndoo ya mchanga. Moto wa petroli haumwagiwi maji, maana petroli huelea juu yake na moto unasambaa. Ukikushinda ondoka na uite Zimamoto. Tanzania Bara namba yao ni 114.

Kuzima, na matunzo

Umeme ukirudi, usikimbilie swichi ya injini. Toa mzigo kwanza, acha izunguke tupu dakika tatu ipoe, zima, kisha funga koki. Jenereta inayozimwa ikiwa na mzigo, au inayoachwa imalize petroli huku friji ikivuta, huharibu kifaa cha AVR kinachotuliza volti.

Oili ya mashine mpya badilisha baada ya saa 20 za kwanza, kisha kila baada ya saa 50 hadi 100. Imwage ikiwa na uvuguvugu ili uchafu utoke nayo. Usiimwage mtaroni. Chujio la hewa la sponji lioshe kwa maji na sabuni, likauke, lipakwe oili kidogo na kukamuliwa. Plagi ya injini itoe uitazame: yenye rangi ya kahawia hafifu ni nzuri, nyeusi ya masizi inasema choki au chujio limeziba hewa au oili inaungua. Isafishe kwa brashi, nafasi ya meno yake iwe milimita 0.7 hadi 0.8.

Ikikataa kuwaka, nenda kwa utaratibu huu kabla hujaita fundi: oili ipo, petroli ipo na ni mpya, koki iko wazi, swichi iko ON, plagi ina cheche. Nusu ya mashine ninazoletewa huamka katika hatua hizo tano. Inayowaka bila kutoa umeme, tazama breka yake kwanza kama imeruka. Zaidi ya hapo ni kazi ya fundi, maana kepasita hubaki na umeme hata mashine ikiwa imezimwa.

Sisi wa pwani tuna adui mwingine, chumvi ya hewani. Mara moja kwa wiki futa fremu, skurubu na soketi kwa kitambaa kikavu, kisha kitambaa chenye oili kidogo kwenye vyuma tu. Ifunike ikiwa imeshapoa kabisa.

Isipotumika, iwashe kila mwezi kwa dakika 20 ikiwa na mzigo kidogo, taa kadhaa na feni. Ukijua itakaa zaidi ya hapo, funga koki ikiwa inawaka na uiache ife yenyewe bila mzigo, ili kabureta ibaki kavu. Mimi huwaandikia wateja wangu kwa rangi nyeupe, ubavuni mwa tangi, tarehe ya oili ya mwisho, na chini yake idadi ya hatua kutoka hapo mpaka kwenye dirisha la karibu.